Sahani Iliyorudi Safi

Tikaram Painuli alijua kumchukia mtu bila kumkosea adabu. Ilikuwa sehemu ya kazi yake. Alihudumu miaka thelathini na mmoja katika bwalo la maofisa la kikosi cha Lansa wa Satlaj, waliokuwa zamani askari wa farasi na mikuki, ishirini na mitano kati ya hiyo akiwa mkuu wa wahudumu, na muda wote huo aliwamiminia supu watu ambao wengine wao asingewapa hata maji ya kunawa. Hakuna tone lililowahi kuanguka pembeni.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Februari, alipofungua mlango wa ghala la bwalo, pale kambini Meerut, akamkuta Sukhdeo ameketi kwenye kiti chenye mto, miwani puani, na Meja Ketaki Rane mwenyewe amesimama kando akiandika kila anachotamka, Tikaram aliunganisha viganja, akainamisha kichwa, akauliza hali ya kila mtu. Ndani roho ilikuwa inamuuma kama jino bovu.

Sukhdeo! Mwosha vyombo! Mtu ambaye Tikaram alimjua zaidi kwa mikono kuliko kwa sura: mikono miwili yenye povu, ikitokeza kwenye kidirisha cha chumba cha kuoshea, inapokea sahani chafu na kupotea nazo.

"Karibu, Panditji!" Sukhdeo alimwita kwa jina lake la heshima, kwa sauti ya mwenye nyumba. Shavu moja lilikuwa limevimba tambuu. "Jamani, leteni kiti, mkuu wetu amefika. Leo yeye ndiye mgeni."

"Nimesimama miaka thelathini, Sukhdeo. Siku moja zaidi hainiui."

"Ndiyo maana magoti yamekwisha."

Meja alicheka. Alikuwa ofisa kijana, mwepesi, mwenye daftari la jalada jekundu ambalo halikumtoka mkononi. Kikosi kilikuwa kinatimiza miaka mia moja na hamsini, na yeye ndiye aliyepewa jukumu la kuzirudisha nyumbani sahani za zamani. Zilikuwa mia mbili na arobaini zilipokuja kwa meli kutoka Uingereza enzi za farasi: nyeupe, mstari wa dhahabu ukingoni, na nembo ya kikosi, mikuki miwili iliyopishana juu ya kichwa cha swala. Farasi wakawa vifaru, kikosi kikahamahama, na sahani zikaenda kama zinavyokwenda. Nyingine zilivunjika, nyingine maofisa waliostaafu walijifungashia kama kumbukumbu, nyingine ziliota miguu. Meja alitangaza gazetini: mwenye sahani ya Lansa airudishe, italiwa chakula tena katika karamu ya mchana ya Jumapili, kisha itakaa kwenye kabati la vioo.

Zikamiminika. Lakini si zote zilikuwa za kweli, maana wauza vikuukuu wa Sadar Bazaar nao husoma magazeti. Meja alikuwa na akili. Alihofia wahudumu wastaafu aliowaita kuzikagua wasije wakaona haya kuikataa sahani ya brigedia fulani, basi kila sahani ikabandikwa namba, na jina la mwenyewe likabaki ndani ya jalada jekundu.

"Umewahi kuona hizi, Panditji?" Meja aliuliza, akamwonyesha sahani sita zilizotengwa. "Mimi ningezipokea. Nembo safi kabisa. Mzee Sukhdeo alizigeuza tu, akacheka."

"Huu hapa mshale," Sukhdeo alisema, kidole kikigonga mgongo wa sahani. "Mshale ni wa serikali. Vyombo vya askari wa kawaida na vya hospitali vinapigwa mshale. Sahani za maofisa walizinunua wenyewe kwa mifuko yao, hazina mshale hata moja. Sasa huyu ana mshale nyuma na nembo mbele. Huyu ana baba wawili!"

Walicheka tena. Tikaram naye alicheka, kwa kipimo.

Lililomkera zaidi ni kwamba hakujua. Aliziandaa sahani zile mezani mara elfu na elfu, na hakuwahi kujua kama nyuma zina mshale au hazina. Mhudumu huiona sahani uso. Mgongo ni wa mwoshaji. Na sasa dunia nzima ilikuwa imegeuza sahani kifudifudi.

"Kabati litakuwa na bango la shaba," Meja alisema akifunga daftari. "Litaandikwa: Sahani hizi zimetambuliwa na, halafu jina. Na huyo ndiye atakayeweka sahani ya kwanza mezani Jumapili, mbele ya maofisa wote, wa zamani na wa sasa. Jina moja tu, shaba yenyewe ni ndogo. Nataka nyote wawili mnisaidie, nami nitaona."

Alisema "nyote wawili", lakini macho yake yalikuwa kwa Sukhdeo.

Nyumbani mkewe alimpakulia wali na dengu, akaketi kumtazama.

"Baba Vimla, unakula au unapigana na wali?"

"Wamempa kiti chenye mto."

"Nani?"

"Sukhdeo."

Mama Vimla alinyoosha mkono nyuma, akavuta mto wa kitandani, akamrushia. "Haya, na wewe huo. Kula sasa."

"Wewe cheka. Jina lake litaandikwa kwenye shaba."

"Kwani lako halimo popote?"

"Wapi?"

"Kwenye kadi ya kupigia kura," alisema, akaenda zake kuanua nguo.

Tikaram alibaki na mto mapajani. Hakuwa mjinga, alijua wivu ni kitu cha aibu kwa mtu wa umri wake, mwenye wajukuu. Lakini nani alizipanga meza zile? Nani alijua kwamba Kanali fulani hali vitunguu, na kwamba Jenerali akija mvinyo huzungushwa kwa kushoto na chupa haigusi meza mpaka imrudie? Yeye. Sukhdeo alikuwa nyuma ya ukuta na sabuni yake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Tikaram, Mungu amsamehe, alilala akiyaombea yale maji.

Asubuhi iliyofuata alikwenda amevaa koti lake la vifungo vya shaba, na alikwenda na elimu yake mwenyewe.

"Meja sahiba, naomba niseme neno," alisema, kabla hata chai haijaletwa. "Mgongo wa sahani unasema imetengenezwa wapi. Hausemi imekula wapi. Tazama uso."

Alichukua sahani mbili ambazo Sukhdeo alikwisha kuzipitisha, akazipeleka dirishani, akaziinamisha kwenye jua.

"Bwaloni kwetu sahani huwekwa nembo juu, kwenye namba kumi na mbili ya uso wa saa, sawasawa na kifua cha ofisa. Haijawekwa pembeni hata siku moja katika miaka mia na hamsini. Kwa hiyo ofisa hukatia nyama yake chini, hapa, upande wa tumbo lake. Mikwaruzo ya kisu iko chini tu, tena inaelekea upande mmoja. Ona hii." Aliinua nyingine. "Na hii je? Mikwaruzo imezunguka kama nyayo za kuku uani. Hii imetumiwa na watu waliokuwa wanaiweka vyovyote. Ilikuwa sahani tupu, nembo imeongezwa baadaye. Kiwanda ni kile kile, mgongo ni ule ule. Mgongo umemdanganya bwana huyu hapa."

Meja aliikamata sahani, akaiinamisha, akatoa sauti ndogo ya mshangao ambayo Tikaram angeweza kuila kwa mkate. "Panditji! Miaka yote hii ulikuwa wapi?"

"Nimesimama nyuma ya kiti," alisema Tikaram kwa unyenyekevu mkubwa.

Sukhdeo aliacha kutafuna. "Hilo sikulijua," alisema. "Kweli kabisa sikulijua. Maana mimi zikinifikia zina mchuzi."

Walirudia kuzikagua zote, huyu mgongo, yule uso, na kufikia saa tano Tikaram alikuwa amezing'oa sahani tano ambazo Sukhdeo alizipitisha. Kila moja ilikuwa tamu kuliko ya nyuma yake. Meja sasa alikuwa anamwangalia yeye kwanza kabla ya kuandika. Kiti chenye mto kilibaki wazi na Tikaram akakikalia, kama bahati mbaya.

Kisha ikaja namba sitini na moja.

Sukhdeo aliigeuza, akapapasa kwa dole gumba ule ukingo wa chini unaokalia meza, akatulia. Akaigeuza tena, akapitisha kidole kwenye mstari wa dhahabu, ambao ulikuwa umefifia mpaka ukawa kivuli tu.

"Hii ni yetu," alisema taratibu. "Hii nimeiosha mimi. Nimeiosha sana."

Tikaram aliipeleka dirishani. Uso ulikuwa mweupe kama maziwa. Hakuna mkwaruzo chini, hakuna juu, hakuna popote. Nembo kamili, na kisu hakijawahi kuigusa sahani ile.

"Haijaliwa hata kijiko kimoja," alisema. "Huyu ametengenezwa juzi."

"Panditji, tazama dhahabu. Kisu hakiondoi dhahabu ya ukingoni. Inaondolewa na kitambaa, tena kitambaa cha miaka. Na huku chini pamelika."

"Watu wa Sadar wanajua kusugua, Sukhdeo. Chumvi na limau, dhahabu inakwenda kwa nusu saa."

"Kwa nini mtu aifute dhahabu na asichore mikwaruzo?"

"Kwa sababu alijua itakaguliwa na mwosha vyombo!"

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Askari wawili waliokuwa wakifungua makasha walicheka. Sukhdeo alitazama mikono yake.

Hapo kitu kilibisha hodi kichwani mwa Tikaram. Sahani iliyochakaa kwa kuoshwa na haijatumiwa kulia chakula kamwe. Alikisikia kabisa. Hakukifungulia mlango, kwa sababu kama angefungua, Sukhdeo angekuwa amesema kweli.

"Bandia," alisema. "Naweka jina langu."

Meja aliandika. Namba sitini na moja ikaenda kwenye kasha la zilizokataliwa, na mwenyewe akapigiwa simu aje aichukue. Jioni hiyo Meja alimwambia Tikaram kwamba fundi wa shaba amekwisha kupewa jina lake, na kwamba aje Jumapili na glavu nyeupe.

Siku ya Ijumaa, mchana, Sukhdeo alikuja nyumbani kwake. Walikaa mji mmoja miaka kumi na moja tangu wastaafu na hakuwahi kukanyaga mlango ule, wala hakuwahi kualikwa. Alisimama uani na pakiti ya peremende za ufuta mkononi, amevaa sweta, bila tambuu shavuni. Alionekana mdogo.

"Keti," alisema Tikaram, kwa kuwa Mama Vimla alikuwa anamtazama.

"Siketi sana. Nimekumbuka, Panditji. Ile namba sitini na moja. Kila Alhamisi, usiku wa karamu ya maofisa, ilikuwa inanijia sahani moja safi. Safi, haina hata punje. Mwanzoni nikadhani mnanichezea. Siku moja nikakuuliza pale kidirishani: Hii nayo nioshe ya nini? Unakumbuka ulichonijibu?"

Tikaram alikumbuka. Mlango ule wa kichwani haukungoja kufunguliwa sasa, ulivunjwa.

Ilikuwa sahani ya Kapteni Hemant Bisaria. Alikwenda vitani mwaka wa sabini na moja, na kifaru chake kikaonekana kinavuka mfereji, na baada ya hapo hakuna aliyemwona, si yeye wala maiti yake. Kanali wa wakati ule akaamuru: kila Alhamisi kiti chake kiandaliwe kama mtu anayetarajiwa. Kisu, uma, gilasi, sahani. Hakipakuliwi kitu. Tikaram ndiye aliyeiweka, nembo saa kumi na mbili, na mwisho wa karamu ndiye aliyeiondoa. Ikaendelea miaka ishirini na mitatu, mpaka kanali mwingine akasema imetosha. Wiki hiyo Tikaram alikuwa likizo kwa harusi ya Vimla. Aliporudi kiti hakikuwapo, na hakuuliza sahani imekwenda wapi.

"Uliniambia, imekaa mezani, ioshe," alisema Sukhdeo. "Basi nikaosha. Zaidi ya mara elfu moja, Panditji. Kisu hakijaigusa na kitambaa changu kimeimaliza dhahabu."

"Unaota," alisema Tikaram.

"Siendi kwa Meja. Nimekuja kwako kwanza. Wewe ndiye uliyeikataa, basi irudishe wewe, kwa mdomo wako. Useme umekumbuka. Mimi sitasema kitu, na shaba ibaki yako. Sahani tu isitupwe." Aliweka ile pakiti juu ya ukuta mfupi wa ua, akaenda.

Mama Vimla alisimama mlangoni na ungo mkononi. "Yule ni mtu," alisema.

Ndilo lililommaliza. Angekuja na matusi, Tikaram angejua la kufanya. Angekwenda kwa Meja kumshitaki, wangekuwa sawasawa. Lakini mtu amekuja kwa miguu yake kumwachia ushindi, tena na peremende! Hata kwa wema alikuwa amemshinda. Tikaram alimwonea gere kwa hilo kuliko kiti, kuliko shaba. Hakula zile peremende na hakwenda kwa Meja. Alijiambia atakwenda kesho.

Kesho yake alipofika, kwenye kiti chenye mto alikuwa ameketi mwanamke wa miaka sitini hivi, mwenye sari ya kijivu na shali, mkoba umekumbatiwa mapajani. Meja alikuwa amesimama, hana furaha. Sukhdeo alikuwa pale pembeni akipanga sahani kana kwamba hana masikio. Juu ya meza ilikuwa namba sitini na moja.

"Huyu ndiye mtaalamu wetu, Bibi Bisaria," alisema Meja. "Panditji, mama huyu amesafiri kwa teksi toka Dehradun. Nimejaribu kumweleza ile habari ya mikwaruzo."

Bibi Bisaria alimtazama Tikaram bila hasira. "Nataka kuelewa tu, baba. Mtu aliyepiga simu alisema ni bandia. Nilikaa chini pale pale. Kwa miaka mingi nimeambiwa mambo mengi na jeshi. Waliniambia ametekwa. Wakaniambia huenda ametekwa. Wakaniambia nitie sahihi hapa na hapa. Sikuamini hata moja. Kitu kimoja tu sikukitilia shaka, ni sahani aliyoniletea Kanali mikononi, akasema, Kalyani, tumemwekea hii kila wiki. Basi nataka kujua. Hata hiyo walinidanganya?"

Tikaram alimwangalia Sukhdeo. Sukhdeo aliendelea kupanga. Alikuwa ameahidi hatasema, na hakusema, mshenzi yule.

Ingekuwa rahisi. Angesema tu, samahani memsahibu, nimeitazama upya, macho ya uzee, ni ya kweli. Bibi angefurahi, Meja angempongeza, shaba ingebaki. Sukhdeo mwenyewe alikwisha kuibariki njia hiyo. Maneno yalikuwa tayari ulimini.

"Hawakukudanganya," alisema Tikaram. "Niliiweka mimi. Kila Alhamisi, kiti cha tatu kutoka kwa Kanali, mkono wa kushoto. Haina alama ya kisu kwa sababu hakuna aliyekula ndani yake." Akameza mate. "Na niliikataa mimi. Huyu hapa alisema ni yetu. Alisema ameiosha sana. Nikamtukana mbele ya watu. Nilikuwa nataka akosee, memsahibu. Ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka akosee, nikaacha kutazama."

Meja alifungua daftari, akalifunga.

Watu husema ukikiri moyo unapumua. Labda mioyo ya watu wengine. Wa Tikaram ulikuwa unauma vilevile, tena zaidi, maana alimwona Bibi Bisaria anageuka, taratibu, kumtazama Sukhdeo, na alijua kinachofuata kama mtu anayejua sahani itaangukia wapi.

"Ulikuwa unaiosha?" aliuliza yule mama. "Ikiwa safi?"

"Kwa maji ya moto, Mama," alisema Sukhdeo. "Sabuni mara moja, kusuuza mara mbili. Kama zingine. Nisingeiosha angejuaje kwamba amekula nasi?"

Bibi Bisaria aliinamisha uso kwenye shali. Alipouinua alimwambia Meja, "Kesho naomba aiweke huyu." Na Meja akaandika, na kila mtu alijua anaandika nini, na fundi wa shaba akapigiwa simu.

Jumapili jua lilikuwa zuri. Meza ndefu zilipangwa bustanini chini ya mahema, sahani za zamani mia moja na kumi na mbili, na maofisa waliokula chumvi nyingi walivaa medali zao na kofia zisizowatosha tena. Sukhdeo alitoka na namba sitini na moja mikononi, na glavu alizoazima kwa Tikaram. Tikaram alimfuata hatua mbili nyuma, kama msaidizi. Hajawahi kuwa msaidizi wa mtu tangu ujana wake.

Kiti cha tatu kutoka kwa Kanali, mkono wa kushoto. Sukhdeo aliinama, akaiweka sahani, akarudi nyuma kwa fahari. Nembo ilikuwa chini. Swala alikuwa amesimama kwa pembe zake, na mikuki inachimba ardhi. Ndivyo waoshaji wanavyozipanga kwenye rafu, nembo chini, na mikono yake ilikuwa imefuata inachokijua.

Maofisa walikuwa bado wanasimama kumpisha Bibi Bisaria aketi kando ya kiti kile. Punde wangetazama. Tikaram aliona yote, na hakuna haja ya kuficha, alilifurahia kosa lile. Alilifurahia kwa muda wa pumzi mbili, nzima, tamu.

"Izungushe," alisema bila kutikisa midomo, kama wakuu wa wahudumu wanavyosema. "Nembo saa kumi na mbili."

Sukhdeo aliinama tena, kana kwamba anafuta vumbi, akaizungusha. Hakuna aliyeona.

Wakala kondoo na wali. Sahani ile ikakaa, haikupakuliwa kitu. Hotuba zilipokwisha walipanga viti kwa ajili ya picha, na Kanali mwenyewe akamshika Sukhdeo mkono na kumketisha katikati, kati yake na Bibi Bisaria. Tikaram aliitwa pia, asimame mstari wa nyuma. Akasema anakuja.

Aliirudia meza, akaichukua namba sitini na moja kwa mikono miwili, akaipeleka nyuma kwenye chumba cha kuoshea.

"Mzee, hiyo si safi?" alisema mhudumu aliyekuwa pale. "Weka tu kabatini."

"Imekaa mezani," alisema Tikaram.

Alivua koti la vifungo vya shaba, akakunja mikono ya shati, akafungulia maji ya moto. Hakuwa anajua hata sabuni inawekwa wapi, ikabidi aonyeshwe. Alisugua uso, kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaigeuza. Ukingo wa chini ulikuwa umelika upande mmoja, hauna mng'ao, na hapo hapo dole gumba lake likaingia lenyewe, mahali palipochimbwa na dole gumba la mtu mwingine.

Kupitia kidirisha alisikia bustani nzima ikicheka. Sukhdeo alikuwa amesema kitu. Roho ilimuuma, palepale pa siku zote. Akaisuuza mara mbili, akatafuta kitambaa.